Mcha Mungu wa Ghorofani

Ami yangu Nassor alipokufa, msikiti ulijaa mpaka wengine wakamswalia nje, barazani. Binamu yangu alinipigia simu kunieleza, na katika maelezo yake yote neno moja lilikuwa likirudi: mcha Mungu. Mcha Mungu ametutoka. Wacha Mungu kama yule hawapatikani tena. Niliitikia inavyopasa, kwamba sote ni wa Mungu na kwake tutarejea, kisha nikaiweka simu na kuendelea kuchagua mchele. Sikulia. Nilichokipata ni hasira kavu ya zamani, na hasira yenyewe ilikuwa juu ya neno lile zaidi kuliko juu ya maiti.

Mlio rika langu mnakumbuka tulivyolelewa kwa maneno hayo. Ibada, taa, ikhlasi, unyenyekevu, ucha Mungu. Yalitwishwa vichwani mwetu kabla hatujajua maana yake, kama tulivyozikariri sura za msahafu bila ya kukijua Kiarabu. Kila mtoto akayafasiri kwa alichokiona nyumbani kwao. Mimi niliyafasiri kwa ami yangu.

Tulikuwa tukikaa Kiponda, katika nyumba ya mawe aliyoiacha babu kwa wanawe wawili. Ami Nassor, mkubwa, alikaa juu na mkewe. Baba, Mama na mimi tulikaa chini, ambako kuta zilitoka chumvi na ukiziegemea nguo inabaki na unga mweupe. Mapinduzi yalipotokea nilikuwa mdogo, bado natafuniwa nyama. Siku chache baadaye Baba alitoka asubuhi na kikapu mkononi, kama mtu aendaye sokoni, asirudi. Mama alijua kwamba amekimbilia bara, lakini mimi akanambia amekwenda kununua ndizi, maana mtoto hasitiri siri, huulizwa njiani akasema. Kwa muda mrefu nikawa nazisubiri hizo ndizi.

Baba alipoondoka, ami akawa ndiye mwanamume wa nyumba nzima, juu na chini. Alikuwa mrefu, mweupe wa nguo, na katikati ya paji la uso alikuwa na alama nyeusi ya sijida, ngumu kama gamba la kitunguu lililokauka. Tasbihi haikumtoka mkononi. Tulizisikia chembe zake zikigongana kwenye ngazi kabla hatujaisikia miguu yake, na Mama huacha kuimba palepale. Majirani walikuwa wakitwambia, "Mna bahati nyinyi, mnakaa chini ya mcha Mungu."

Ami alikuwa amefuga ukucha mrefu katika kidole cha mwisho cha mkono wa kulia, wa manjano, uliojikunja kidogo nchani. Akili yangu ya kitoto ikaunganisha. Mcha ni mtu mwenye kucha. Mcha Mungu ni yule ambaye Mungu amempa ukucha kuliko watu wengine. Niliamini hivyo kwa dhati, na nikawa natazama mikono ya kila mwanamume apitaye barabarani nijue nani anamcha Mungu na nani hamchi.

Maneno mengine nayo yalinichanganya. Siku moja adhana ya Laasiri ilinikuta nacheka peke yangu uani, sijui nacheka nini. Ami alishuka, akanizaba kofi, akasema, "Ibada ni adabu. Asiye na adabu dawa yake adhabu." Ibada, adabu, adhabu. Katika sikio lililokuwa likivuma kwa kofi, nilisikia neno moja linalosemwa mara tatu. Tangu siku ile nilipoambiwa fulani yumo katika ibada, nilidhani yumo katika kupigwa.

Nilikuwa nimeshaanza skuli na juzuu ya pili ya msahafu chuoni ami aliposhuka alasiri moja bila ya kupiga hodi. Mama alikuwa juu ya mbuzi, anakuna nazi.

"Zuwena, kaa chini," alisema.

"Nshakaa, shemegi."

"Khabari za yakini zimenifika. Ndugu yangu amefariki dunia huko bara. Tumetoka kwa Mola na kwake tutarejea."

Mama hakupiga ukelele. Mkono wake uliendelea kukuna, ukakuna mpaka nyama ya nazi ikaisha na meno ya mbuzi yakawa yanakwaruza kifuu kitupu.

"Nani kasema?"

"Mtu mkweli."

"Nani?"

"Unanihoji mimi, Zuwena?" Alisema kwa upole mkubwa, na upole wake ndio uliokuwa ukitutisha. "Mwenye imani akipatwa na msiba husubiri. Haulizi kama karani wa mahakama."

Mama akaingia eda. Akavaa kaniki, akaacha mafuta na wanja, akafungiwa katika chumba cha ndani ambacho dirisha lake liliamriwa lisifunguliwe. Chumba kilinuka nguo zilizokosa jua. Nilikuwa nikimpelekea chakula, na mara nyingi nilikuwa nakichukua kama nilivyokipeleka. Ami alikuja akisimama nje ya mlango na kumsomea mawaidha. "Taa, Zuwena. Mwanamke hana ibada iliyo kubwa kuliko taa. Bila ya taa, swala zako zote ni kazi bure."

Niliposikia hivyo nilikwenda jikoni nikaichukua taa yetu ya chemni. Nikaisugua kioo kwa majivu mpaka kikang'ara, nikaiwasha mchana kweupe, nikampelekea Mama. Nilimwambia, "Ami kasema swala zako bure bila ya taa. Hii hapa." Mama alinitazama, akaitazama taa. Halafu akacheka, kicheko cha kukabwa, akajitia upande wa kaniki mdomoni ili asisikike juu. Akanieleza kwamba taa anayoitaka ami ni utiifu, mtu kufanya anayoambiwa. "Nnayo," akasema. "Nnayo mpaka inanipalia." Akaipuliza ile ya chemni ikazimika.

Chuoni mwalimu wetu alikuwa Bi Mtumwa, mwanamke mnene mwenye kutafuna tambuu, aliyetupiga kwa henzirani bila ya kuinuka alipokaa. Nilimuuliza siku moja mbele ya wenzangu kama mtu asiyekuwa na ukucha mrefu anaweza kuwa mcha Mungu. Wakacheka mpaka juzuu zikawaanguka. Yeye hakucheka. Alitema tambuu yake koponi, akaniuliza nimelitoa wapi hilo. Nikamwambia.

"Kucha ni kuogopa," alisema. "Kuogopa pamoja na heshima. Kumcha Mungu ni kumuogopa hata pale pasipo na mtu wa kukuona. Anayefanya ibada ili watu wamuone ana jina lake jengine, riya, na hilo hatuliiti ucha Mungu. Haya, soma."

Jawabu lile lilinizidishia mashaka. Kuogopa nilikujua vizuri. Nilijua mate yanavyokauka, magoti yanavyolegea, mkono unavyotetemeka ukashindwa kushika kikombe. Mambo hayo niliyaona kwangu mimi, kwa Mama, kwa mke wa ami, hata kwa paka wa ghorofani. Kwa ami mwenyewe sikuyaona kamwe. Nikaanza kumchunguza akiswali, nikichungulia kutoka ngazini, nikitafuta hiyo hofu. Aliinama na kuinuka kama mtu anayekagua mali yake. Nikaona basi mcha Mungu lazima awe ni mtu anayeogopwa, na Mungu yumo katika jina hilo ili watu wasithubutu kujibu.

Eda ilipokwisha hata mafuta hayajakolea katika nywele za Mama, ami alishuka na posa. Rafiki yake wa msikitini, mzee mwenye wake wawili, alikuwa tayari kumsitiri. Mzee huyo alikuwa na kijana wake mkubwa serikalini, na miaka ile kila mtu alitafuta wa kumshika mkono. Vyumba vyetu vya chini navyo vingebaki vitupu, vikamngojea ami mwenyewe.

"Ni mtu wa swala tano," ami alisema. "Unataka nini tena?"

"Nataka nipumue, shemegi," Mama alijibu.

"Pumua. Ijumaa ijayo nipe jawabu."

Siku ya pili Mama alitoka kwa mara ya kwanza tangu eda, tukaenda kwenye foleni ya mchele. Mnaikumbuka foleni: makanda yamepangwa chini kushika nafasi, jua la utosi, wanawake wanaogombana kwa jambo walilolisahau. Mbele yetu alikuwa Bi Tatu, muuza vitumbua, mwanamke wa kicheko kikubwa aliyekuwa akivuta sigara mbele za watu. Mtaani ilijulikana kwamba haswali, na mwenyewe hakukataa. Alikuwa ametoka kumuuguza binti yake Tanga.

Mwanamke mmoja alimpa Mama pole ya kufiwa. Bi Tatu akageuka.

"Pole ya nini, shoga?"

"Ya mume wangu."

"Mume yupi? Una mwengine?" Alimtazama Mama, akaona hatanii, naye kicheko kikamtoka usoni. "Zuwena, mimi mumeo nimemuona Tanga. Yuko kwenye karakana ya mbao, kakonda, lakini anatembea kwa miguu yake. Kanambia, kashatuma salamu kwa kaka yake mara mbili, ampelekee mke na mtoto. Kaniuliza mbona hamji."

Mama alilichukua kanda letu akaondoka kwenye foleni tukiwa tumekaribia kufika mbele. Siku zile hilo lilikuwa jambo la kusimuliwa. Alitembea upesi nami nakokotwa, na mkono wake ulikuwa wa baridi katika joto lile.

Ami alimsikiliza mpaka mwisho, chembe za tasbihi zikipita moja moja kwenye ukucha wake.

"Tatu," alisema. "Tatu asiyejua kibla kiliko. Unaniletea mimi, ndani ya nyumba hii, ushahidi wa mtu asiyeswali?"

"Macho yake yanaona, shemegi. Kuswali na kuona vinahusiana nini?"

"Vinahusiana vyote. Asiyemuogopa Mungu atashindwa nini kusema uongo?"

Mama alikwenda mpaka Kiembe Samaki kwa ndugu yake, mjomba wangu, kuomba msaada. Mjomba alisikitika sana, akatupa maji ya kunywa. Kisha akasema, "Lakini Zuwena, yule ni mcha Mungu. Azue kifo cha nduguye ili iwe nini?" Majirani wakasema hivyohivyo. Kila mlango tuliobisha neno lile lilikuwa limeshatangulia, limekaa, linatungojea. Nililichukia tangu hapo. Ningeliweza kulishika kama kitu ningelilitupa kisimani.

Jawabu la posa lilitakiwa Ijumaa. Alkhamisi ami alikuwa ameandaa hitima ya kumrehemu Baba, ikae sawa mbele za watu kabla ya ndoa. Wanaume walijaa katika ukumbi wetu wa chini juu ya mikeka, maalim kakaa mbele, juzuu zimegawiwa. Uani masufuria ya pilau yalikuwa yanatoa moshi na wanawake wanachagua mchele. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye ngazi, naona kote kuwili.

Mama aliacha upawa, akajitanda buibui, akajifunika uso, akaingia katikati ya wanaume.

"Asalaam alaykum."

Wakaitika baadhi, wengine waliduwaa. Ami aliinuka. "Zuwena, rudi ndani."

"Maalim," Mama alisema, hakumtazama ami, "nnaomba hitima ya mume wangu isisomwe leo. Nnaomba munisomee halbadiri."

Hata mtoto wa umri wangu alijua halbadiri ni kitu gani. Ni kisomo cha mtu aliyedhulumiwa na hajui pa kushitaki. Huwataja wale waliopigana Badri, mmoja mmoja, na mwenye kudhulumu, tulivyoamini sote wakubwa na wadogo, haupiti muda akapofuka, au akavimba tumbo, au akatoka barabarani uchi.

"Kama mume wangu kafa, hapana atakayedhurika," Mama aliendelea. "Kama yu hai, na yupo anayejua akaficha, basi Mungu na amwonyeshe. Mimi sina zaidi. Swala zangu chache, sikatai."

Maalim alikuwa mtu wa makamo, mpole, asiyependa makuu. Alifunika msahafu wake taratibu, akageuka. "Bwana Nassor, nyumba yako hii, na marehemu ni nduguyo. Wewe ndiye wa kutoa ruhusa. Tusome?"

Alitakiwa kusema naam tu. Mtu anayejua kwamba hakusema uongo angelisema naam, akakaa, akanywa kahawa. Nilimtazama ami yangu kutoka ngazini. Midomo yake ilifunguka, ulimi ukapita juu yake, ukapita tena. Mate yamemkauka. Mkono wenye tasbihi ulianza kutetemeka, chembe zikawa zinagonganagongana bila ya kuhesabiwa. Niliijua hali ile. Niliijua kuliko mtu yeyote mle ndani.

"Tusome, Bwana Nassor?"

"Yu hai," ami alisema, kwa sauti ndogo, akayashika macho yake kama yameshaanza kuuma. "Yu hai. Yuko Tanga. Msisome."

Mara ya kwanza katika maisha yangu nikamuona ami yangu anamcha Mungu. Na hata kwa siku ile sina hakika. Nadhani alikuwa anayacha macho yake.

Kutoka uani tulisikia kelele za wanawake. Wanaume waliinuka wakitafuta viatu, wasiangaliane. Wachache walikula pilau kwanza.

Mngedhani mambo yaliishia pale, kwamba ami aliinamisha kichwa na jina lake likafa. Halikufa. Kwa wiki mbili tatu watu walinong'ona. Baada ya hapo wakasema hata wacha Mungu huteleza, Mwenyezi Mungu humjaribu ampendaye. Mwaka haukugeuka wakawa wamemrudisha safu ya mbele, na aliyebaki na doa ni Mama. Mwanamke aliyewaingilia wanaume katika hitima. Mwanamke aliyetaka kumsomea shemegi yake halbadiri. Ami alimwambia, kwa upole ule ule, kwamba yeye amemsamehe, lakini haoni vipi wataweza kukaa paa moja. Tukahamia Mpendae, chumba kimoja cha udongo na makuti, kwa jamaa wa Bi Tatu. Katika mtaa mzima wa watu wa swala tano, aliyetupa pa kulala alikuwa yule asiyejua kibla.

Ruhusa ya kuvuka kwenda bara ilichukua muda mrefu kupatikana. Tulipofika Tanga hatimaye, Baba alitupokea mlangoni, mwembamba, mvi zimeshamuanza, unga wa mbao kwenye kope. Alinibeba ingawa nilikuwa mkubwa wa kubebwa. Nyuma yake alisimama mwanamke kijana mwenye mimba.

Mama alimtazama yule mwanamke, akasema, "Nani huyu?"

Baba aliniteremsha. "Baada ya kuonana na Tatu, kaka alituma mtu kunambia umeshaolewa, Zuwena. Akaapa kwa Mungu. Nami kaka namjua, mtu wa ibada. Nisimuamini kwa nini?"

Mama alivua viatu, akaingia, akasaidia kuteka maji, akala chakula alichopikiwa, akamwambia yule mwanamke kwamba mchuzi wake mzuri. Alipokwisha kunawa akamwambia Baba, "Nipe talaka yangu." Baba alilia waziwazi, mbele yetu, akasema anaweza kukaa na wake wawili, sharia inamruhusu. Mama akasema sharia inamruhusu, yeye haimlazimishi. Akampa. Tukarudi Unguja.

Mpendae Mama akawa anapika vitumbua pamoja na Bi Tatu. Nguo zangu za skuli zilinuka hiliki na mafuta ya nazi. Mama aliendelea kuswali kama alivyoswali siku zote, upesi upesi, mara nyingine unga ukiwa bado kwenye viganja. Siku moja nilimwambia, nikidhani nampa zawadi, "Mama, kumbe wewe ndiye mcha Mungu wa kweli."

Aligeuka kwa ukali ambao sikuuzowea. "Usiniite hivyo. Nna swala zangu, zinanitosha. Jina hilo mpe mwengine."

Nilikuwa nakaribia kubaleghe ami alipofika pale Mpendae, kwa miguu, na fimbo. Alikuwa mgonjwa, uso umemvimba, na alama ya paji la uso imekuwa ya kijivu. Mama alikuwa mbele ya chuma cha vitumbua. Hakumpa mkeka.

"Zuwena, nimekuja kuomba radhi," alisema. "Sijui kama nitapona. Nisamehe kwa ajili ya Mungu."

"Kwa ajili ya nani?"

"Ya Mungu."

Mama alikigeuza kitumbua, akakigeuza na kile kilichofuata. "Kwa ajili ya Mungu ulimuua mume wangu akiwa hai. Kwa ajili ya Mungu ukamwambia nimeolewa nami nimekaa eda. Leo unamleta tena. Kamuombe mwenyewe, shemegi. Yeye ni mwingi wa kusamehe. Mimi sikusamehe."

"Utakuja kuulizwa kwa hayo, Zuwena."

"Ntajibu."

Alisimama pale, akisubiri, kwa sababu hakuzowea kuondoka mahali bila ya kupewa alichokitaka. Mama alirudi kwenye unga wake. Kisha ami akanigeukia mimi, akalainisha sauti. "Raya, mwanangu. Wewe mtoto, moyo wako safi. Wewe pia huna neno la kumwambia ami yako?"

Nilikuwa nalo. Nilikwenda mpaka kizingitini, nikainamisha kichwa kama nilivyofundwa tangu sijaota meno.

"Shikamoo, ami."

"Marahaba!" aliitika, uso wote ukamfunguka, akidhani huo ndio msamaha. "Marahaba, mwanangu, marahaba."

Nikafunga mlango.